Bei ya Postikadi Iko Kwenye Kuijua Picha

Hotuba kwa vikundi vya biashara ndogo, Mji Mkongwe, Unguja

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Wazee wangu, kinamama wa vikundi, vijana, ahsanteni kwa kuniita.

Asubuhi mimi ni mwalimu wa skuli. Jioni na siku za mapumziko nauza postikadi za zamani za Zanzibar. Nimetakiwa nieleze biashara hii inakwendaje, na kama inamfaa mtu mwenye mtaji mdogo. Inamfaa. Lakini sitaki mtoke hapa na fikra kwamba ni biashara ya karatasi kuukuu. Karatasi kuukuu zimejaa kila nyumba na hakuna anayeziulizia. Kinachonunuliwa ni kadi ambayo muuzaji wake anaweza kusema: hapa ni pahala fulani, wakati fulani, na hivi ndivyo nilivyojua. Ujuzi huo mnao nyinyi zaidi ya mtu yeyote wa Hamburg au Paris mwenye makasha ya kadi zetu nyumbani kwake. Ndiyo maana inaniuma kuona wao ndio wanaotuuzia sisi picha za mitaa yetu.

Zimefikaje kwao? Postikadi ya kwanza rasmi ilitoka Austria-Hungary tarehe 1 Oktoba 1869, na haikuwa na picha hata moja. Zenye picha zilianza kushamiri miaka ya 1890, na kuanzia 1900 mpaka Vita Vikuu vya Kwanza, Ulaya nzima ilikuwa inazituma na kuzikusanya. Miaka hiyohiyo bandari yetu ilikuwa na shughuli kubwa. Meli za Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni ya Wajerumani, zilikuwa zinapita hapa, na za Waingereza, na za Wafaransa. Abiria anashuka, anazunguka mjini, ananunua kadi na kuipeleka posta kabla meli haijang'oa nanga. Kwa hiyo kadi zilitengenezwa ziondoke, na zikaondoka kweli.

Picha zenyewe, nyingi zilipigwa na watu wa hapahapa mjini. A. C. Gomes alikuwa Mgoa, yaani mtu wa asili ya Goa kule India, mwenye studio Zanzibar tangu karne ya kumi na tisa. Ndugu wa Coutinho, na Pereira de Lord, nao ni Wagoa. Baadaye, mwaka 1930, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na picha zake za mji na za watu ni hazina peke yake. Mkiyaona majina haya yameandikwa kwa herufi ndogo pembeni ya kadi, msiyapite. Yanasaidia kujua wakati, na wako wakusanyaji wanaotafuta kazi za mpiga picha mmoja tu. Uchapaji ndio uliokuwa unafanyika mbali, mara nyingi Ujerumani, ambako picha ya rangi moja ilitiwa rangi na fundi ambaye hajawahi kuona bahari ya Forodhani. Kwa hiyo kanga ya rangi fulani kwenye kadi ya 1905 si ushahidi kwamba kanga ile ilikuwa ya rangi hiyo.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo faida ilipo. Kadi moja ina tarehe tatu. Kuna siku picha ilipopigwa, kuna wakati kadi ilipochapwa, na kuna siku ilipotumwa. Muuzaji asiyejua atasoma muhuri wa posta, atasema picha ni ya mwaka huo, na mnunuzi anayejua atamwona si mtu wa kuaminika.

Anzieni nyuma ya kadi. Kama upande wa nyuma wote ni wa anuani tu, na mwandikaji amebanana kuandika salamu zake upande wa picha, hiyo ni kadi ya mwanzo. Uingereza iliruhusu nyuma kugawiwa mara mbili, ujumbe kushoto na anuani kulia, mwaka 1902; Ujerumani 1905; Marekani 1907. Kadi isiyo na mstari wa katikati kwa kawaida ni ya kabla ya miaka hiyo.

Kisha tazameni stempu, na kwa hili Zanzibar ni nchi rahisi mno kuisoma. Zamani barua za hapa zilikwenda kwa stempu za India, maana posta ilikuwa tawi la posta ya India. Mwaka 1895 stempu hizo zikapigwa chapa ya neno Zanzibar. Mwaka 1896 zikatoka za picha ya Sayyid Hamad bin Thuwaini, 1899 za Sayyid Hamoud bin Mohammed, 1908 za Sayyid Ali bin Hamoud, na 1913 za Sayyid Khalifa bin Harub, ambaye ndiye mtakayemwona zaidi kwa kuwa alitawala mpaka 1960. Bei iliyoandikwa kwenye stempu nayo inasema. Ikiwa ni anna, ni kabla ya 1908. Ikiwa ni senti, inaweza kuwa senti ya rupia, au senti ya shilingi, ambayo tuliianza 1936. Ukiona neno Jamhuri limepigwa juu ya stempu, hiyo ni 1964, baada ya Mapinduzi. Mwisho wa 1967 stempu za Zanzibar peke yake zikasita kutumika. Na msishangae mkikuta stempu ya Kifaransa yenye jina la Zanzibar: Wafaransa walikuwa na posta yao hapa kuanzia 1889 mpaka 1904. Hiyo ikiwa imo kwenye kadi, na muhuri unasomeka, iwekeni pembeni na muulize kabla ya kutaja bei.

Halafu tazameni picha, na hapa ndipo mtu wa nje anapokwama. Chukueni Beit al-Ajaib. Ilijengwa 1883 na Sayyid Barghash. Mnara ulikuwa peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza wakapiga mizinga kwa dakika zisizozidi hamsini, mnara ule ukaharibika, na baadaye jumba lenyewe likajengewa mnara wa saa ule tunaoujua. Kwa hiyo picha yenye mnara uliosimama peke yake ilipigwa kabla ya siku hiyo, hata kama kadi ilichapwa miaka kumi baadaye kwa kutumia picha ya zamani ya studio. Na mnara wa saa nao tumeuona ukianguka na sehemu ya jumba tarehe 25 Disemba 2020. Tangu siku ile watu hawaziangalii tena kadi za Beit al-Ajaib kama zamani. Wazee wananijia kutafuta picha inayoonesha upande ule ulioporomoka, na wengine hawataki kununua, wanataka kuona tu. Nawaonesha.

Maji ya pwani yaliyotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, pale ilipo leo barabara ya Darajani, nayo ni kalenda. Picha yenye maji na ngalawa pahala ambapo sasa magari yanapita ni ya zamani, kabla pwani haijafukiwa. Soko la Darajani lilifunguliwa 1904. Kama halimo pahala pake, mnajua. Gari moshi la Bububu, lililokuwa linapita katikati ya mji mbele ya milango ya watu, lilianza mwanzoni mwa karne iliyopita na miaka ya 1920 likasita. Beit el Amani, jumba la makumbusho la Mnazi Mmoja, ni la 1925. Msihifadhi haya kama somo la mtihani. Kaeni na wazee wa mtaa, mtayapata na zaidi yake.

Nimekuja na kadi moja niwaoneshe. Ipitisheni mikono mikavu, ishikeni kwa pembe. Mbele kuna uchochoro, maduka ya mbao pande mbili, mtu amebeba kikapu kichwani, na maandishi ya Kiingereza yanasema tu kwamba hili ni soko la wenyeji, Zanzibar. Nyuma imegawiwa. Stempu ni ya senti sita yenye sura ya Sayyid Ali bin Hamoud, kwa hiyo haikutumwa kabla ya 1908. Ujumbe ni wa Kijerumani, mistari minne, mtu anamwambia dada yake kwamba joto ni kali na kesho meli inaendelea kusini. Niliinunua ikiwa na bei ya kadi ya kawaida, kwa kuwa soko la wenyeji linaweza kuwa popote pale Afrika Mashariki. Nikaipeleka baraza moja Mkunazini. Mzee mmoja akaitazama kwa muda, akaweka kidole juu kushoto, mbali kabisa, ambapo kuna kitu cheupe chenye ncha ambacho mimi nilidhani ni doa. Akasema: huo ni mnara wa Msikiti wa Mnara, na hapa mpiga picha amesimama Malindi. Nikachukua kioo cha kukuzia. Ni kweli, mnara wenye umbo la pia, na hakuna mwengine wa namna ile mjini. Hapohapo kadi ikawa ni ya Malindi, iliyotumwa 1908 au baadaye, yenye ushahidi. Thamani yake iliongezwa na macho ya mzee yule, na mzee yule nilimpa haki yake. Nawaomba na nyinyi msiwatumie wazee bure.

Kuhusu bandia. Nakala mpya za kadi za zamani zipo nyingi, na hazina kosa ikiwa anayeziuza anasema ni nakala. Za kuogopa ni zile zinazouzwa kuwa za asili. Tafuteni kioo kama cha fundi saa. Kadi iliyochapwa kwa mashine za siku hizi, au kutoka kitabuni, inaonesha vidoti vidogo vilivyopangwa mistari mistari. Kadi nyingi nzuri za mwanzo wa karne zilichapwa kwa njia nyengine. Chini ya kioo utaona chembechembe zisizo na mpangilio. Na picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya kadi haina doti kabisa, kivuli kinayeyuka taratibu, na mara nyengine sehemu nyeusi zinameta kama fedha ukizielekeza kwenye mwanga. Zaidi ya hapo, chukueni ile tochi ya buluu wanayokagulia noti kwenye maduka ya kubadilishia fedha. Karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1950 zina dawa ya weupe, na chini ya tochi ile zinang'aa. Kadi inayodai ni ya 1905 na inang'aa kama shati jipya, rudisheni.

Ukiwa na kadi yako halali, unaweza kuchapa nakala zake na kuziuza kwa wageni. Hilo pia ni riziki. Lakini kuwa na kadi si kuwa na haki ya picha. Picha ambayo mpiga picha wake yu hai, au warithi wake wapo, usiichape kabla hujapita COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ukauliza na kupata ruhusa. Na nyuma ya kila nakala andika wazi kwamba ni nakala mpya, na mwaka uliochapa. Mgeni anayefika kwao akaambiwa kwamba aliuziwa uongo Zanzibar hatokutaja wewe, ataitaja Zanzibar.

Hewa yetu ni adui wa kadi. Chumvi na unyevu vinaleta kuvu, na kuna wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaopenda gundi na wanga. Usizitie kwenye zile albamu za plastiki laini zenye harufu kali. Plastiki ile inatoa dawa inayogandana na picha. Tumia mifuko myembamba ya polipropilini, weka ndani ya kisanduku kikavu mbali na ukuta, na kila baada ya muda kifunue hewa ipite. Usiilaminishe kadi. Usiitie selotepu. Usiifute kwa maji, wala usiitie juani ikauke. Na tafadhali, kinamama na vijana, msibandue stempu! Watu wamezoea kuipeleka stempu kwa mkusanya stempu na kutupa kilichobaki. Stempu, muhuri, anuani na picha vikiwa pamoja vina bei kuliko kila kimoja peke yake. Bei andika nyuma kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, si kwa kalamu.

Mtaji? Mdogo. Tuseme umepata fungu la kadi kumi kwa shilingi laki moja. Saba huenda ni za kawaida, ngome na bandari, utaziuza kwa bei ile uliyonunulia au pungufu. Faida yako imo kwenye tatu zilizobaki, ambazo aliyekuuzia hakujua zinaonesha nini. Ndiyo maana sishauri mtu anunue kwa wingi mwanzoni. Nunua chache, zisome, ziuze, kisha nunua tena. Na usiache mshahara au duka kwa ajili ya hili. Kuna miezi ya kimya, khasa ya masika.

Pa kununulia ni pawili. Pa kwanza ni mitandao ya wakusanyaji kama Delcampe na eBay, ambako kadi zilizoondoka hapa kwa meli zinauzwa moja moja. Tafuta kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, na tafuta pia zile zilizoandikwa vibaya. Kuna kadi za Zanzibar zilizowekwa chini ya Dar es Salaam au Mombasa, na wewe ukiona mlango tu unajua. Pa pili ni masanduku ya nyumbani. Humo hamna sana kadi zilizotoka, mna zilizoingia: kutoka kwa baba aliyekuwa baharia, kutoka kwa aliyekwenda Hijja, kutoka kwa kijana aliyepelekwa kusoma Cairo au London, au baada ya 1964 Ujerumani Mashariki. Picha ni ya Berlin, lakini nyuma kuna Kiswahili chetu, kuna anuani ya Kikwajuni au ya Wete, kuna mtu anayeomba apelekewe salamu kwa mtaa mzima. Kwangu hizo ni bora kuliko nyingi za Forodhani.

Lakini kwenye masanduku ya watu ingieni kwa adabu. Someni ujumbe pamoja na wenyewe kabla ya kutaja bei. Ikiwa ni maneno ya marehemu kwa mkewe, mwambieni mjukuu aiweke. Ikiwa familia inataka kuuza, wapigieni skani nzuri muwaachie, bila ya malipo. Na mkikuta rundo lenye barua na hati za zamani, msilichambue mkachukua kadi peke yake. Waelekezeni wenyewe Nyaraka za Taifa, Kilimani, waulize kwanza.

Wanunuzi wangu ni wa namna tatu: mkusanyaji wa nje, ambaye anataka uhakika na skani ya pande zote mbili, mwenye hoteli, anayetaka kitu cha kutia fremu, na Mzanzibari aliye Muscat, Dubai au London, anayetaka mtaa aliozaliwa mama yake. Huyu wa mwisho habishani bei, anabisha mahala. Kwa hiyo kuwa na uhakika. Wa nje mtumie kwa rejista, kadi ikiwa katikati ya vipande viwili vya kadibodi vilivyo vikubwa kuliko yenyewe.

Liko jambo moja ambalo sitolipita. Wapiga picha wa wakati ule waliwavua nguo wanawake wa Kiafrika na kuwauza kwa senti chache, na kadi hizo mpaka leo zina soko na bei nzuri. Mimi siziuzi. Sitaki riziki hiyo, na nawaomba mnaoanza msiitake. Ziko na kadi za watu waliofungwa minyororo, chini yake pameandikwa watumwa. Hapa ujuzi wa tarehe unageuka kuwa haki ya mtu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na utumwa ukaondolewa kisheria Zanzibar 1897. Kadi iliyochapwa baada ya hapo inaweza kuwa na picha ya zamani, na inaweza pia kuwa na wafungwa wa jela waliopewa jina hilo kwa sababu lilikuwa linauza. Usirudie maandishi ya mchapaji kwa kuwa yamechapwa. Sema unachokiona, sema unachokijua, basi. Mimi kadi za namna hiyo nawapa wanaotafiti na makumbusho, siziweki kwenye meza ya njiani kati ya picha ya mnazi na ya jahazi.

Na ndugu zangu wa Pemba mliokuja, mnisikilize. Kadi za Pemba naziona chache mno nikilinganisha na za Unguja; meli kubwa zilikuwa zinatia nanga hapa, si kwenu. Chache hizo, karibu zote zimeandikwa karafuu, au shamba, au Pemba tu, kama kisiwa kizima ni pahala pamoja. Chake, Wete na Mkoani hazitenganishwi. Mtu wa kwanza atakayezitenganisha kwa ushahidi hatokuwa na mshindani.

Ninazo tatu kwenye meza ile, za barabara na majengo ambayo sijaweza kuyatambua. Moja ina mteremko, paa la makuti kulia, na jengo la ghorofa lenye roshani upande wa juu. Nashuku ni Chake Chake. Vioo vya kukuzia viko viwili, penseli na daftari viko pembeni. Mwenye kutambua kitu aandike nini amekiona na amekijuaje, na jina lake, ili kadi ikiuzwa apate chake. Wazee waanze, tafadhali, na vijana wawashikie kioo.